Tazama Mikono Kabla ya Uso: Namna ya Kuwatambua Waasisi Wanane wa Shingon Katika Picha za Ibada

Maswali huwa ni yaleyale. Mtu ametembelea hekalu huko Kyoto, au amesimama mbele ya picha ndefu ya hariri katika jumba la makumbusho, akamwona mzee aliyenyoa upara akiwa amekaa kitako juu ya kiti kipana, kisha anauliza: huyu ni Buddha yupi? Wa pili anauliza kwa nini ukutani wamepangwa wazee wanane wanaofanana kama ndugu wa baba mmoja. Wa tatu amezitazama nyuso zote nane kwa muda mrefu na bado hawezi kusema nani ni nani. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya hao watatu, na jibu langu kwao wote ni moja: uache uso kwanza, utazame mikono.

Waliochora picha hizi kwa karne nyingi hawakukusudia umtambue mtu kwa pua yake wala kwa macho yake, kwa sababu wengi wao walikuwa wakiwachora watu waliofariki zamani sana katika nchi za mbali. Uso uliweza kubadilika kidogo kila ilipotolewa nakala mpya. Mkao wa mikono na kile kilichoshikwa, hivyo ndivyo vilivyolindwa kwa uaminifu mkubwa, na ndivyo vitakavyokupa jina la mtu.

Machache ya kujua kwanza

Shingon ni madhehebu ya Ubudha wa siri yaliyoasisiwa nchini Japani na mtawa Kukai, aliyezaliwa mwaka 774 na kufariki mwaka 835, ambaye mwaka 921 alipewa jina la heshima la Kobo Daishi. Mwaka 804 alivuka bahari kwenda China, akafika mji mkuu wa Chang'an na kupokewa na Huiguo, mwalimu mkuu wa Hekalu la Qinglong. Mafundisho haya hayapatikani kwa kusoma vitabu peke yake. Ni lazima yatoke kinywani na mikononi mwa mwalimu yaingie kwa mwanafunzi aliyeandaliwa. Msomaji aliyekulia karibu na zawiya za pwani yetu tayari analo neno linalofaa hapa, nalo ni silsila, yaani mnyororo wa walimu na wanafunzi wao. Wazee wanane unaowaona ukutani ni silsila iliyochorwa.

Kukai alirudi Japani mwaka 806 akiwa na picha tano za walimu, zilizochorwa na Li Zhen pamoja na wachoraji wengine wa Chang'an. Katika orodha ya vitu alivyovileta, aliyoiwasilisha kwa serikali ya mfalme mwaka huohuo, alieleza kwamba mafundisho ya siri ni ya kina mno kiasi kwamba kalamu na wino havitoshi, na ndiyo maana picha zinahitajika ili kumfungulia mwanafunzi mlango. Mwaka 821 ziliongezwa picha mbili za walimu wa kale wa Kihindi, zikawa saba, na baadaye Kukai mwenyewe akawekwa kuwa wa nane. Picha hizo saba zimehifadhiwa mpaka leo katika Hekalu la To-ji mjini Kyoto, kila moja ikiwa na urefu unaopita mita 2, na karibu kila seti utakayokutana nayo kwingine inafuata mikao yake.

Vitu vya kuwa navyo

Chukua daftari dogo na penseli, kwa maana majumba mengi ya makumbusho hayaruhusu kalamu ya wino karibu na picha za kale. Ukiweza, beba darubini ndogo, kwa sababu kumbi za mahekalu huwa na giza na picha hutundikwa mbali na mahali pa kusimama wageni. Usibebe tochi kwa nia ya kumulika: mwanga unaharibu rangi, na tendo lenyewe linawaudhi wanaosali. Mwisho, nakili orodha hii ya majina kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa kuwa kibao cha maelezo kinaweza kutumia jina la Kijapani, la Kisanskriti au la Kichina bila kukuonya kwamba ni mtu yuleyule:

Ryumyo ndiye Nagarjuna. Ryuchi ndiye Nagabodhi. Kongochi ndiye Vajrabodhi. Fuku ndiye Amoghavajra. Zenmui ndiye Shubhakarasimha. Ichigyo ndiye Yixing, ambaye vitabu vya zamani humwandika I-hsing. Keika ndiye Huiguo, au Hui-kuo. Wa nane ni Kobo Daishi, yaani Kukai.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kwanza kwamba unamtazama mtawa. Buddha kwa kawaida ana nywele za vifundo vidogovidogo na huketi juu ya ua la yungiyungi. Bodhisatva, yaani mtakatifu aliye katika njia ya kuwa Buddha, mara nyingi ana taji, mikufu na vikuku. Muasisi amenyoa kichwa, amevaa joho la kitawa liitwalo kesa, na ameketi juu ya kiti kipana au jukwaa dogo la mbao, kama mtu aliye nyumbani kwake akisubiri mwanafunzi aingie. Kosa la wanaoanza ni kudhani kwamba kila kinachofukiziwa ubani ni Buddha.

2. Hesabu wazee, kisha uangalie walivyopangwa. Katika ukumbi wa Shingon kwa kawaida utakuta wanne upande mmoja na wanne upande wa pili, huku zile mandala mbili kubwa, yaani michoro mitakatifu inayopanga mabuddha kwa safu, ya Almasi na ya Tumbo la Uzazi, zikiwa zimetundikwa zikielekeana. Katika pagoda, yaani mnara, ya orofa tano ya Hekalu la Daigo-ji, iliyokamilika mwaka 951, waasisi wamechorwa moja kwa moja kwenye mbao za ndani. Zingatia kwamba zipo orodha mbili za watu wanane. Ile ya urithi wa mafundisho huanza na Dainichi, Buddha mkuu wa Shingon, na bodhisatva Kongosatta, na haimtaji Zenmui wala Ichigyo. Ile ya pili, ambayo ndiyo huchorwa zaidi ukutani, ina binadamu watupu, na ndiyo tunayoifuata hapa. Ukisoma mahali kwamba Dainichi ni wa kwanza katika wanane kisha usimwone ukutani, hakuna picha iliyopotea, umechanganya orodha.

3. Mtafute mtoto. Ukiona mzee amekaa na kando yake amesimama mvulana mdogo wa kumhudumia, kazi imekwisha: huyo ni Keika, mwalimu wa Kukai. Hakuna mwingine kati ya wanane aliye na mtoto pembeni. Anza naye kila mara, kwa kuwa anaonekana hata ukiwa mlangoni, na ukishampata wamebaki saba.

4. Kwa kila mmoja wa saba waliobaki, jiulize swali moja tu: je, mikono yake imeshika kitu? Wanne wameshika, watatu hawakushika. Andika daftarini alama mbili tofauti kabla ya kuendelea. Watu huona uvivu kuandika hapa, kisha wakifika kwa mtu wa tano wanarudi mwanzo.

5. Wachukue wale walioshika kitu, ukianza na walio rahisi. Mwenye kitabu cha maandiko mkononi ni Ryuchi. Mwenye tasbihi peke yake ni Kongochi, aliyezaliwa mwaka 671, akasafiri kwa merikebu kutoka India kupitia Sri Lanka hadi kusini mwa China, bahari ileile iliyozileta jahazi kwetu kwa msimu wa kaskazi. Wawili waliobaki wameshika vajra, yaani kifaa kifupi cha shaba chenye meno kila upande, ambacho asili yake ni silaha ya radi na sasa ni chombo cha ibada. Ryumyo ana vajra ya meno matatu. Kobo Daishi ana vajra ya meno matano katika mkono wa kulia, na tasbihi katika mkono wa kushoto.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami naomba uwe makini. Vajra ya meno matano ina jino moja katikati na manne yanayolizunguka, kwa hiyo ikichorwa kwa ubavu, meno ya nyuma yanafichwa na ya mbele na unaweza kuhesabu matatu tu. Mtu anahesabu, anaridhika, na anamwita Kobo Daishi kwa jina la Nagarjuna. Usiyategemee meno. Utazame mkono wa pili: ukiwa na tasbihi, huyo ni Kobo Daishi.

6. Sasa wachukue wale watatu wasioshika kitu. Aliyeinua kidole cha shahada cha mkono wa kulia ni Zenmui, aliyefika Chang'an kutoka India mwaka 716 akiwa na umri wa karibu miaka 80 na bado akafanya kazi kubwa ya kutafsiri maandiko. Aliyefumbata viganja viwili kwa kupishanisha vidole, ncha zake zikitokeza nje, ni Fuku. Picha yake ya To-ji ndiyo iliyosalimika vizuri kuliko zote tano zilizotoka China, na ukipata nakala yake bora, kaa nayo muda mrefu. Ni uso wa mtu aliyezeeka kwa kazi. Fuku alifariki mwaka 774, mwaka uleule aliozaliwa Kukai, na wafuasi wa Shingon tangu zamani wameuona mfuatano huo kuwa si wa bahati tu.

Aliyebaki, ambaye mikono yake haionekani kabisa, ni Ichigyo. Ameificha ndani ya joho, na huko ndani anafunga mudra, ile ishara takatifu ya vidole. Alikuwa mwanafunzi wa Zenmui, na pia mwanahisabati na mtaalamu wa nyota aliyetengeneza kalenda mpya ya dola ya Tang huko China, akafariki mwaka 727. Mimi mwenyewe, katika hekalu moja dogo, niliwahi kumweleza mgeni niliyekuwa naye kwamba mikono ya mzee huyu imefutika kwa ukongwe wa picha. Mtawa wa makamo aliyekuwa akifagia pembeni alinisikia. Aliegemeza ufagio ukutani, akaja mbele yetu, akaingiza mkono wa kulia ndani ya mkono wa kushoto wa joho lake na wa kushoto ndani ya wa kulia, akasimama hivyo kimya kwa muda mfupi, kisha akarudi kwenye kazi yake. Tangu siku hiyo sijawahi kumkosea Ichigyo.

7. Mrudie Kobo Daishi kwa mara ya pili, kwa sababu yeye peke yake ana maumbo mengi, na utakutana naye nje ya seti ya wanane mara nyingi kuliko wengine wote kwa jumla. Umbo kuu ni lile linalonasibishwa na mwanafunzi wake Shinnyo, mwana wa mfalme aliyekuwa mtawa, na asili yake ni Mlima Koya, makao ya watawa wa Shingon huko Japani. Ameketi kwenye kiti kipana, chini yake pana jozi ya viatu vilivyovuliwa, na kando pana birika la maji. Mkono wa kulia ameuinua mpaka kifuani na kukipinda kifundo kwa namna isiyo ya kawaida. Chukua kijiko, ukishike mbele ya kifua, kisha ukizungushe kifundo cha mkono mpaka uhisi kinakataa kuendelea. Hapo utaelewa kwamba mkao huo haukuchorwa kwa kukosea, na kwamba mchoraji aliyeunakili alijua anachokilinda. Usitumie viatu na birika kama ushahidi wa pekee, maana vitu hivyo huweza kuonekana kwa waasisi wengine pia.

Maumbo mengine matatu yanafaa kujulikana. La kwanza ni la utotoni, Chigo Daishi: mtoto mwenye nywele zilizofika mabegani, amepiga magoti juu ya yungiyungi, viganja vimekutanishwa, kufuatana na masimulizi kwamba akiwa mdogo aliota ameketi na mabuddha wakizungumza naye. Hilo ndilo linaloivunja ile kanuni ya hatua ya kwanza, basi likumbuke. La pili ni la Zentsu-ji, hekalu lililo mahali alipozaliwa katika kisiwa cha Shikoku, ambapo juu ya picha anaonekana Buddha Shaka akichomoza kati ya milima. La tatu ni la msafiri: amesimama, kofia pana kichwani, fimbo mkononi na bakuli la kupokelea sadaka. Huyo utamkuta kwa wingi katika njia ya mahekalu 88 ya Shikoku, ambako mahujaji husema kwamba kila anayetembea peke yake anatembea na Daishi, nao hulibeba neno hilo likiwa limeandikwa kwenye nguo na kofia zao.

8. Soma maandishi mwishoni. Picha za To-ji zina jina la kila muasisi kwa herufi kubwa za Kichina zilizoandikwa kwa mtindo wa brashi kavu, unaoacha michirizi myeupe ndani ya wino, na pia kwa herufi za Kisanskriti, huku chini yake kukiwa na habari za maisha yake. Nakala nyingi za baadaye hazina maandishi hayo, au zina jina lililoongezwa na mtu mwingine. Kama mikono inasema Zenmui na kibandiko cha pembeni kinasema Kongochi, iamini mikono kwanza, kisha ukague zaidi.

9. Simama kwa adabu. Nimeiweka hatua hii mwishoni kwa sababu utaielewa vizuri zaidi ukishawajua wazee hawa kwa majina. Kwa waumini wa Shingon, Kobo Daishi hakufa mwaka 835. Aliingia katika tafakuri ya kudumu kwenye Mlima Koya, na mpaka leo hupelekewa chakula mara mbili kila siku. Katika ukumbi wa Miei-do wa To-ji iko sanamu yake ya mbao iliyochongwa na Kosho mwaka 1233, nayo huandaliwa chakula kila alfajiri saa 12 mbele ya watu waliokuja kusali. Tarehe 21 ya kila mwezi, kwa kumbukumbu ya siku alipoingia katika tafakuri hiyo, uwanja wa hekalu hujaa wachuuzi na waumini tangu asubuhi. Kwa hiyo usipige picha mahali palipokatazwa, usimwelekezee sanamu kidole unapomweleza mwenzako, bali tumia kiganja kilichofunguka, na usimpite mbele mtu aliyeinama.

Ukikwama

Picha imekuwa nyeusi kwa moshi wa ubani na huoni vidole. Tazama viwiko. Mwenye kushika kitu kwa mkono mmoja huwa na kiwiko kimoja kilichopanda kuliko kingine. Fuku na Ichigyo viwiko vyao viko sawa pande zote mbili. Kati ya hao wawili, tafuta doa jeupe la ngozi katikati ya kifua au mapaja. Likiwepo, ni Fuku.

Kobo Daishi ameshika vajra kwa mkono wa kushoto na tasbihi kwa wa kulia. Tatizo hili hutokea sana kwa picha za mtandaoni, na sababu yake ni kwamba picha imegeuzwa kama kwenye kioo. Kagua kesa: kwa desturi huanguka kutoka bega la kushoto na kuuacha mkono wa kulia huru. Ikiwa imeanguka kutoka bega la kulia, igeuze picha hiyo kabla ya kuitumia, na usiisambaze jinsi ilivyo.

Mzee hafanani na yeyote kati ya wanane. Huenda si wa Shingon. Madhehebu ya Tendai nayo yana mafundisho ya siri na waasisi wake. Aliyefunikwa kitambaa kichwani, macho amefumba katika tafakuri, huenda ni Saicho, muasisi wa Tendai nchini Japani, aliyefariki mwaka 822. Picha yake mashuhuri ya karne ya 11 ni ya Hekalu la Ichijo-ji. Mwenye kichwa kilichochongoka juu kama yai ni Enchin, anayeheshimiwa zaidi katika Hekalu la Onjo-ji karibu na Ziwa Biwa, na kwake yeye peke yake unaruhusiwa kuanza na kichwa badala ya mikono.

Umewapata saba na mmoja anakushinda. Usikisie kwa kuondoa waliobaki, kwa maana seti nyingi zimechanganywa, na nafasi ya picha iliyopotea huenda ilijazwa na ya seti nyingine, hata ukakuta Fuku wawili na Ryuchi hayupo. Andika kwa sentensi kamili kile unachokiona: mkono wa kulia uko wapi, wa kushoto uko wapi, kimeshikwa nini, pembeni pana nini, na amegeukia upande gani. Ukiipeleka sentensi hiyo kwa mtawa wa zamu au kwa mhudumu wa makumbusho, pamoja na namba iliyo kwenye kibao, utapata jibu haraka kuliko ukimwonesha picha ya simu yenye giza, na mara nyingi atakuongezea jambo ambalo hukulijua la kuuliza.